Tambi za Bi Mishi

Leo ni siku ya thelathini na tatu tangu tumzike Mama. Wageni wa matanga wamekwisha kuondoka, wanangu wamerudi kazini, na jioni kila mmoja huingia kwa wakati wake, amechoka na ana njaa. Mimi nami sina nguvu ya kusimamia wali huku, mchuzi kule na mboga pembeni. Kwa hiyo juzi nilitoa sufuria moja tu, nikatia samli, nikavunja tambi ndani na kuanza kuzigeuza. Zilipofika rangi ya korosho iliyokaangwa, harufu ikapanda, nami nikasimama na mwiko hewani.

Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, zinaungua?"

Nikamwambia haziungui. Lakini mimi sikuwapo pale. Nilikuwa jikoni kwetu kwa zamani, kijiji hiki hiki kati ya Diani na Gazi, nina miaka minane au tisa, na aliyechuchumaa mbele ya mafiga hakuwa Mama. Alikuwa Baba.

Nyinyi mlio wa rika langu mtaelewa kwa nini hilo lilikuwa jambo kubwa. Vijana nikiwaeleza hucheka, kwa maana waume zao hupika chai na mayai na hakuna anayewatazama mara mbili. Wakati ule mwanamume wa kwetu hakuingia jikoni ila kuomba kaa la kuwashia sigara. Na cha ajabu ni kwamba Baba alikuwa mpishi. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alimpikia bibi mmoja wa Kizungu, mjane, mtu mzima sana, aliyekuwa na nyumba karibu na ufuo wa Diani. Kila alfajiri Baba alipanda baiskeli akaenda kuoka mikate na kuchoma nyama. Yule bibi alikula chakula chake cha mwisho saa kumi na moja jioni, supu na mkate, kisha akalala, na hivyo Baba alifika nyumbani karibu na magharibi. Akishafika, hakugusa hata kijiko. Wenzake msikitini walimtania, "Mpishi, leo umemwandalia nini bibi yako?" Naye alijibu, "Kule ni kazi. Kwangu moto una mwenyewe." Mimi niliamini kwamba mikono ya Baba ilijua kupika ikiwa Diani tu, na kwamba akiipita njia panda kurudi kwetu inasahau.

Mwaka huo Mama alimzaa mdogo wetu wa mwisho, msichana, na alimzaa kwa taabu. Tena alikuwa na historia. Alipomzaa ndugu yangu Salimu, aliinuka siku ya kumi na mbili akaenda kutwanga, damu ikamshuka, akabebwa kwa machela hadi hospitali. Kwa hiyo safari hii mkunga alisimama katikati ya nyumba akatuambia sote, mimi na Salimu tukiwemo, "Huyu asiinue hata kata ya maji. Asiiname motoni. Arubaini itimie akiwa kitandani. Akiinuka kabla, msije kuniita mimi, mwiteni mwenye jembe la kuchimbia kaburi."

Mtu mzima husikia maneno kama hayo akajua mkunga anatisha ili asikizwe. Mimi nilisikia kama yalivyosemwa. Nilielewa kwamba Mama akisimama, atakufa. Kwamba ni kitu kama kuchomoa kizibo. Siku za mwanzo nilikuwa nikiamka usiku na kwenda kuhakikisha kwamba miguu yake bado iko juu ya kitanda.

Nyanya, mama yake Mama, alikuwa aje kutoka Waa kukaa nasi arubaini nzima. Akateleza kwenye bonde la mpunga, kifundo cha mguu kikavimba kama dafu, akashindwa kuja. Wiki ya kwanza hatukuona shida, kwani majirani walileta chakula kwa zamu, kama ilivyo ada kwa mzazi. Kisha mpunga ukaiva. Nadhani mnakumbuka mpunga ukiiva. Ndege hawakungoji ulee mtoto wala uuguze mgonjwa. Wanawake wote wa kijiji wakawa bondeni tangu alfajiri hadi giza, na wakirudi wana nguvu ya kuwapa watoto wao uji na kulala tu. Siwalaumu, wala hata siku ile sikuwalaumu.

Jioni ya siku ya nane hakuna aliyeleta kitu. Baba alikuwa ndiyo kwanza anaegemeza baiskeli ukutani aliposikia sauti ya Mama kutoka chumbani.

"Baba Salimu, watoto hawajala. Naamka nikoroge uji."

Kitanda kikalia. Mimi nikashika shati la Baba.

"Lala, mke wangu," Baba akasema, haraka mno. "Chakula kipo. Kinakuja."

Hakikuwapo, wala hakikuwa kikija kutoka popote. Baba alinishika bega akanitoa uani, akafunga mlango wa miti, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Kisha akachukua kanga ya Mama kwenye kamba, akajifunga kiunoni, akaingia jikoni.

Kulikuwa na pakiti ya tambi iliyobaki tangu Ramadhani, imening'inizwa kwenye kikapu juu ili panya wasiifikie. Baba alizivunja kwa mikono miwili, kwa mpigo mmoja, akazimimina kwenye samli. Sijapata kuona mikono ya namna ile. Haikusahau chochote. Alichochea moto, akakata kitunguu huku akigeuza tambi, na kitunguu chenyewe kikatoka vipande vyembamba hata ungeweza kusoma msahafu ukiviweka juu yake. Akaniambia nikae juu ya mbuzi nikune nazi. Nilipomwona anachukua kitunguu na kukitia kwenye tambi nilidhani amechanganyikiwa kwa njaa.

"Baba, tambi ni sukari na iliki."

"Za Idi ndizo za sukari. Hizi ni za watu wenye haraka. Yule bibi wangu huzila na chumvi kila Jumatatu, na bado yuko hai."

Akatia nyanya, bizari, pilipili manga kidogo, na kiganja kimoja cha kamba wadogo waliokaushwa. Tui jepesi likafuata, kisha akafunika na kupanga makaa juu ya mfuniko. Vyote katika sufuria ile ile moja. Nilimwuliza kwa nini hakutumia nyingine kwa mchuzi. Akasema, "Sufuria moja inaoshwa mara moja. Mtu akigonga mlango, naificha mara moja."

Hapo ndipo aliponieleza siri. Alichuchumaa nyuso zetu zikalingana. "Watu wakiniona hapa hawatanisema mimi. Watasema mama yako amenilisha limbwata. Naye akisikia anasemwa, atainuka apike ili kuwafunga midomo. Unamkumbuka mkunga?"

Nilimkumbuka. Limbwata pia nilikuwa nimelisikia kisimani, kwamba mke akimlisha mumewe hicho kitu, mume huwa kama kondoo, hufua na kufagia. Lakini hakuna aliyenieleza ni kitu gani. Nilijua tu kwamba hutiwa chakulani na kwamba wapishi hulijua. Basi nilimtazama Baba akitia kila kitu, moja baada ya jingine, nikingoja, mpaka alipomimina tui zito la mwisho na kuweka mwiko chini.

"Baba," nikamwuliza, "limbwata unatia saa ngapi?"

Baba alicheka mpaka akakaa chini, kanga ya Mama imeziba mdomo wake ili sauti isitoke. Kila nikimkumbuka sasa, humkumbuka hivyo, amekaa kwenye majivu, machozi yanamtoka, analia kwa kicheko kisicho na sauti.

Alikuwa mtu wa kufikiria mambo. Alijua Mama anazijua sahani zake zote, kwa hiyo cha Mama alikipakua kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, aliyopewa siku hiyo hiyo na yule bibi kwa kuwa ilikuwa imebanduka rangi. Mama hakuwahi kuiona. Akaipeleka chumbani, mimi nyuma yake na taa.

Mama alikula kijiko kimoja. "Nani kapika?"

Baba hakuwa amefikiria hilo. Alitazama nje kupitia mlango, na nje kulikuwa na mlango mmoja tu wenye taa. "Mishi," akasema.

"Mishi yupi?"

"Mishi huyu jirani."

Mama akaweka kijiko chini. Ngoja nieleze kwa nini. Bi Mishi alikaa hatua thelathini kutoka kwetu, yeye na binti yake Riziki, mumewe akiwa mashamba ya miwa. Yeye na Mama walikuwa kama ndugu mpaka mbuzi wa Bi Mishi alipokula pembe ya kanga mpya ya Mama, ya doti aliyonunuliwa Idi. Mama akalalamika. Bi Mishi, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, akasema, "Kwani uliianika mdomoni mwake?" Mama naye akamjibu neno ambalo sitaliandika. Tangu wakati wa kupanda mpunga walikuwa wakisimama kisimani kama miti miwili, bila salamu. Katika zamu za kuleta chakula, Bi Mishi peke yake ndiye hakuleta.

"Mishi kanipikia mimi," Mama akasema, si kwa kuuliza.

"Ndiyo," Baba akajibu akitazama dari. Hakujua kusema uongo.

"Tambi kwa kitunguu. Kajifunza wapi?"

"Sijui. Nyinyi wanawake mna mambo yenu."

Mama akala zote. Mwishoni akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nilidhani ni pilipili manga.

Asubuhi, Baba akiwa amekwisha kwenda, Mama aliniita. Alikuwa ameiosha ile sahani kwenye beseni la kando ya kitanda, na juu yake ameweka mayai matatu, amefunika kwa kitambaa. Hayo yalikuwa mayai yake yeye, mayai ya mzazi, aliyowekewa apate nguvu.

"Mpelekee Bi Mishi sahani yake. Mwambie nimekula, nimeshiba, Mungu amzidishie."

Sahani ya jirani hairudi tupu. Tulilijua hilo kabla ya kujua kuhesabu vidole. Baba, kwa akili zake zote, alikuwa amelisahau, nadhani kwa sababu wanaume hawabebi sahani. Nami nikasimama nje na mayai matatu na sahani isiyokuwa ya mtu niliyetumwa kwake. Nikipeleka, Bi Mishi atauliza ya nini. Akiuliza, siri itatoka. Siri ikitoka, Mama atainuka. Niliizunguka nyumba, nikayaweka mayai kwenye kikapu kikuukuu nyuma ya banda la kuku, nikaificha sahani chini ya makuti. Jioni nilimpa Baba sahani, sikumwambia juu ya mayai. Sijui kwa nini sikumwambia. Labda niliona ana mzigo wa kutosha.

Baba akapika tena, safari hii kwa tambi alizonunua Diani. Siku ya pili, mayai mawili. Siku ya tatu, matatu tena. Na siku hiyo ya tatu nilipofika kwenye kikapu nilikuta kuku wetu mwekundu amekwisha kuyalalia, amejitanua, ananitazama kwa jicho moja. Nilinyoosha mkono, akanidonoa. Nikalia kidogo, nikamsogezea na hayo matatu.

Siku ya nne Mama alinikazia macho. "Bi Mishi alisema nini jana?"

"Alisema ahsante."

"Na juzi? Na siku ya kwanza?"

"Ahsante."

"Mishi akatosheka na neno moja siku tatu mfululizo?" Mama akacheka, na kicheko kikamfanya aegemee ukuta. "Basi kweli amekasirika bado. Ananilisha kwa ajili ya Mungu tu. Hapana, hili nitalimaliza mwenyewe. Ni hapo mlangoni, si mbali." Akashusha mguu mmoja.

Nakumbuka mguu ule, umevimba kidogo, kidole gumba kinagusa sakafu. "Nitamwita," nikapiga kelele. "Nitamwita aje yeye!" Nikachukua sahani na mayai ya siku hiyo nikakimbia bila kufikiri.

Bi Mishi alikuwa anatoka, kapu kichwani, kisu cha kuvunia kiunoni. Nilimwamkia shikamoo, nikamnyooshea sahani kwa mikono miwili.

"Marahaba. Nini hiki?"

"Mama kakuletea."

Akafunua kitambaa. Akayatazama mayai, akanitazama mimi, akalishusha kapu lake chini taratibu. "Mama yako kaniletea mimi mayai? Mayai ya uzazi wake?"

"Anasema uje umwone."

Bi Mishi aligeuka akamtazama mbuzi wake aliyefungwa kwenye mnazi, kana kwamba naye alihitaji kusikia. "Tangu ajifungue nataka kuja," akasema. "Nikaogopa kufukuzwa mbele ya watu. Mwambie nitakuja leo jioni nikitoka bondeni. Ngoja." Akaingia ndani akarudi na sahani imejaa pepeta, zile punje za mpunga mbichi zilizokaangwa na kutwangwa, bado zina joto la kinu. Hata yeye hangeirudisha tupu.

Mama aliikumbatia sahani ile kama mtoto wa pili. "Jioni tambi, asubuhi pepeta," akasema. "Na mimi niliyemwambia yale." Akarudisha mguu kitandani. Nami nikala pepeta nyingi kuliko haki yangu, maana nilikuwa na furaha, na nilikuwa mtoto, na jioni ilionekana iko mbali.

Lakini jioni ilifika. Baba naye akafika, akafunga kanga, akaanza kukaanga. Nilitaka kumwambia kwamba Bi Mishi anakuja. Kila nilipofungua mdomo aliniambia nikune nazi upesi. Nitasema kweli: niliogopa, nikajidanganya kwamba atachelewa.

"Hodi," sauti ikasema, na kabla ya karibu mlango wa miti ukafunguka. Bi Mishi aliingia jikoni moja kwa moja, kama mwanamke yeyote aingiavyo kwa mzazi kutazama kuna kazi gani.

Baba alikuwa anapanga makaa juu ya mfuniko. Hakuwa na pa kuificha sufuria wala pa kujificha yeye. "Karibu, Mishi," akasema, bado amechuchumaa.

"Starehe, shemeji."

Wakatazamana. Kisha macho ya Bi Mishi yakashuka kiunoni mwa Baba. Kanga aliyojifunga ilikuwa ile ile, na pembe iliyoliwa ilining'inia ubavuni.

"Imekukaa vizuri," Bi Mishi akasema. "Mbuzi wangu angekuona hivi angeiacha."

Nilingoja aseme limbwata. Nilingoja acheke, kicheko chake kisikike mpaka kisimani na mpaka chumbani kwa Mama. Sikuweza kungoja. Nililia, na kwa kulia nikasema yote bila mpango: mkunga, jembe, sahani, jina alilolitaja Baba, kuku mwekundu. "Usimwambie Mama," nikasema. "Akijua atainuka, akiinuka atakufa."

Bi Mishi alikaa juu ya mbuzi ya nazi. Nilitazamia kila kitu isipokuwa uso alioufanya. Ulikuwa uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Kwa hiyo mayai ya leo," akasema polepole, "hakuniletea mimi. Alimletea aliyepika."

"Nilitaja jina lako kwa kuwa taa yako ndiyo niliyoiona," Baba akasema. "Habari ya kanga nilikuwa nimeisahau. Nisamehe."

"Wewe ulisahau. Mimi na yeye hatukusahau." Akafuta vumbi la mpunga mikononi. "Nimeshinda bondeni nikiwaambia wenzangu, mwenzangu kanikumbuka, kanipa mayai ya uzazi wake. Niliwaambia wote. Hata wasiouliza."

Tui lilianza kuchemka chini ya mfuniko, na harufu ikatuzunguka sote watatu. Kutoka chumbani Mama akaita, "Nani huyo? Ni Mishi?"

Nilimtazama Bi Mishi, naye alikuwa ananitazama mimi. Sijui aliona nini. Nilikuwa na kamasi mpaka kidevuni.

Aliinuka. Akashika mfuniko kwa ncha ya kanga yake, akauweka kando pamoja na makaa yake, akachota tambi kwa mwiko, akaonja. Akafikiri.

"Chumvi imepungua," akasema. Akachukua kopo la chumvi, akatia vidole vitatu, akakoroga, akaonja tena. "Haya. Sasa na mimi nimepika. Nipe hiyo sahani."

Akapakua mwenyewe, akaingia chumbani na sahani mikononi. Tulimsikia akisema, "Hujambo, mzazi. Chakula hiki, kabla hakijapoa." Sauti ya Mama ikawa ndogo. Kisha zote mbili zikawa ndogo, kwa muda mrefu. Kisha ukasikika mlipuko wa kicheko cha Bi Mishi, na cha Mama juu yake. Baba aliichukua sufuria akatupakulia mimi na Salimu, naye akala ukoko uliogandama chini, akiukwangua kwa ukucha.

Tangu jioni hiyo ikawa hivyo. Baba alipika mlango umefungwa, na Bi Mishi akitoka bondeni alipita kwetu kwanza. Baba hakutia chumvi tena kabisa. Aliliacha kopo pembeni akangoja mkono wake. Alikuwa anataka iwe kweli, angalau kwa kiasi cha vidole vitatu. Na ulimi ule tuliouogopa ulifanya kazi yake: Bi Mishi aliwatangazia wanawake wote kwamba yeye ndiye anayempikia mzazi, kwa hiyo hakuna aliyekuja kuchungulia jikoni. Kuku mwekundu akaangua vifaranga vitano. Mama alishangaa walikotoka, Baba akamwambia ni baraka za mtoto, na safari hiyo hakutazama dari.

Arubaini ilitimia. Mama akatoka nje na mtoto, mnene, uso unang'aa, akasimama juani nami nikamtazama miguu. Alisimama tu. Hakuna kilichotokea. Jambo la kwanza alilomwambia Bi Mishi ni, "Sasa nifundishe hizi tambi zako."

Bi Mishi alinitupia jicho. "Njoo kesho kutwa," akasema. "Kesho nina shughuli."

Shughuli yake ilikuwa mimi. Siku nzima ya kesho yake nilisimama jikoni kwake, mtoto wa miaka minane, nikimfunza mtu mzima. "Usikate kitunguu hivyo, Baba hukikata chembamba." "We mtoto, unaniamrisha kwangu?" "Na mfuniko utie makaa." "Nimepika kabla hujazaliwa, makaa nayajua." Riziki, aliyekuwa rika langu, alikula zilizoungua. Kesho kutwa yake Bi Mishi alimfundisha Mama kwa ufundi wote, kana kwamba alirithi kwa bibi yake. Kutoka hapo, kwa miaka yote, siku za palizi, siku za mavuno, siku ambazo kila mtu ana haraka, Mama alivunja tambi kwenye sufuria moja, na Baba alikula akisema, "Mishi anajua kupika." Bi Mishi akiwapo alijibu, "Chumvi tu, shemeji."

Baba alitangulia, Bi Mishi akafuata miaka mingi baadaye. Sahani ya bati iliendelea kwenda na kurudi kati ya nyumba mbili, mara na maandazi, mara na matunda ya mabungo, na Bi Mishi alipofariki ilikuwa kwetu. Mama aliifunga kwenye kitambaa akaiweka sandukuni. Wiki yake ya mwisho aliniambia, "Sahani ya Mishi iko pale. Usiirudishe tupu."

Kama alijua, sijui. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwuliza. Sikumwuliza, kwa sababu mimi ndiye niliyesema uongo ule wa ahsante tatu, na niliona haya. Naandika hivi ili iwe nimesema.

Juzi, tambi zilipoiva, nilipakua kwanza kwenye ile sahani, ndipo nikawatilia watoto chumvi yao. Nikaipeleka kwa Riziki. Nyumba ni ile ile, hatua thelathini kutoka kwetu, siku hizi ina mabati. Alinikaribisha, akafunua kitambaa, akaigeuza sahani kutazama ukingo.

"Hii si sahani ya kwetu," akasema.

"Najua. Lakini ndiko ilikoagizwa."

"Ya nani basi?"

Nikakaa, nikamweleza yote, tangu mkunga mpaka kuku. Alicheka kwa kicheko cha mama yake, akashika ubavu, akaniambia kumbe ndiyo maana siku ile alilishwa tambi zilizoungua. Kisha akachota kidogo kwa vidole, akaonja.

"Umesahau chumvi," akasema.

"Sikusahau."

Akanitazama. Halafu akainuka, mikono magotini kama tuinukavyo sote siku hizi, akaenda jikoni kuifuata.